Nyumba 401 za Aberdyfi

Aberdyfi ni kijiji cha pwani ya magharibi ya Wales, mahali mto Dyfi unapoingia baharini, ndani ya hifadhi ya taifa ya Snowdonia iliyotangazwa mwaka 1951. Kando ya kijiji kuna mteremko unaoitwa Balkan Hill. Tarehe 10 Januari 1967 halmashauri ya kaunti ya Merioneth ilitoa kibali cha kujenga nyumba 401 kwenye mteremko huo, kwa kufuata mchoro mkuu mmoja ulioonyesha kila nyumba itakaa wapi na barabara za ndani zitapita wapi. Kwa kijiji cha ukubwa ule, ilikuwa ni kuletewa mtaa mzima kwa siku moja. Mtaa huo haukuja. Zaidi ya miaka hamsini baadaye zilikuwa zimejengwa nyumba 41 tu, na ujenzi ulikuwa umeachana na mchoro mkuu hatua kwa hatua, kibali kipya baada ya kibali kipya. Ndipo mwenye ardhi na mamlaka ya hifadhi walipofikishana mahakamani kugombea swali ambalo mtu angedhani lilijibiwa zamani: ukishabadilisha sehemu ya mradi ulioidhinishwa, na kwa idhini, ile ramani ya kwanza bado inakupa haki ya kujenga yaliyobaki? Tarehe 2 Novemba 2022 majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Uingereza walijibu kwa kauli moja kwamba, kwa hali ilivyokuwa pale Aberdyfi, haikupi.

Wajenzi wa Uingereza waliipokea hukumu hiyo kama mvua ya kiangazi, na wengine wakasema majaji wametunga sheria mpya. Nadhani walikosea. Historia ya vibali vya ujenzi nchini humo inaonyesha kwamba majaji walirejea tu kwenye mantiki iliyokuwamo ndani ya sheria tangu mwanzo. Kitu kipya kilikuwa ile desturi ambayo ofisi na soko vilikuwa vimeizoea, desturi ya kuichukulia ramani iliyogongwa muhuri kama hazina ya haki ambayo mtu anachota anachotaka, anaacha asichotaka, na kurudi tena akihitaji. Desturi hiyo ilikua kwa upole na kwa nia njema, na hilo ndilo linaloifanya istahili kuchunguzwa.

Tuanze na mwaka 1947. Kabla ya hapo, mwenye ardhi Uingereza alikuwa na haki ya kujenga juu ya ardhi yake kama sehemu ya umiliki wenyewe. Serikali za mitaa ziliweza kumbana kwa kanuni za afya na usalama, na katika baadhi ya maeneo kwa mipango ya matumizi ya ardhi, lakini zikimbana sana ziliogopa kudaiwa fidia. Vita vya pili vya dunia vilibadili hesabu. Miji ilibomolewa kwa mabomu, na ilijulikana kwamba kuijenga upya kungepandisha bei za viwanja na kuwatajirisha watu ambao hawakufanya lolote. Kamati ya Jaji Uthwatt ilitoa ripoti yake mwaka 1942 ikichambua nani anastahili kuvuna ongezeko hilo la thamani. Serikali ya chama cha Leba, kupitia waziri wa mipango miji na vijiji, Lewis Silkin, ikapeleka bungeni sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1948. Sheria hiyo iliacha ardhi mikononi mwa wenyewe, lakini ikachukua haki ya kuiendeleza. Kuanzia siku ile hakuna mtu aliyeweza kujenga au kubadili matumizi ya ardhi bila kibali cha mamlaka ya mipango. Mfuko wa pauni milioni 300 ulitengwa kuwafidia walioonyesha kwamba wamepoteza thamani, na aliyepewa kibali alitakiwa kulipa serikali faida yote itokanayo nacho. Malipo hayo ya asilimia 100 hayakudumu. Serikali ya Wahafidhina iliyafuta miaka michache baadaye. Kilichobaki mpaka leo ni msingi wenyewe: haki ya kujenga haitoki kwa mwenye kiwanja. Inatoka kwa umma, kupitia kibali, na ndani ya mipaka ya kibali.

Msingi huu una tokeo ambalo halikuonekana mara moja. Kama kibali ndicho chanzo pekee cha haki, basi kila kitu kinategemea kibali kinasema nini. Na kibali cha mradi mkubwa hakisemi "jenga nyumba." Kinasema jenga mpangilio huu, wenye nyumba hizi, barabara hizi, mifereji hii na nafasi hizi za wazi, ambao umepimwa na maofisa, umetangazwa kwa majirani, na umekubaliwa kwa ujumla wake. Nyumba ya kona ya kaskazini inaweza kukubalika kwa sababu tu kuna barabara upande wa kusini. Hapo ndipo mvutano ulipojificha, kwa kuwa sheria ya 1947 haikueleza waziwazi nini kinatokea mtu akijenga nusu ya mpangilio mmoja na nusu ya mpangilio mwingine.

Jibu la kwanza maarufu lilikuja mwaka 1964, katika kesi ya kampuni ya F. Lucas & Sons dhidi ya halmashauri ya Dorking and Horley. Kampuni ilipewa mwaka 1952 kibali cha nyumba 28, safu mbili zikitazamana kwenye njia isiyo na mtokeo. Mwaka 1957 ikapewa kibali kingine cha kujenga nyumba sita tu kwa mpangilio tofauti kwenye sehemu ya kiwanja hichohicho. Ikajenga mbili kati ya hizo sita, kisha ikabadili mawazo na kutaka kurudi kwenye kibali cha kwanza ili ijenge nyumba 14 za safu moja, ilhali safu ya pili haikuwezekana tena. Jaji Winn aliiruhusu. Kwake yeye kibali cha nyumba 28 kilikuwa kama gunia: aliyepewa gunia la mahindi haambiwi kwamba akishindwa kulimaliza basi hata kilo aliyokula ilikuwa ya wizi. Ukweli ni kwamba hoja hiyo ina busara ya kawaida ndani yake, na jaji alikuwa na wasiwasi wa haki: kama kibali ni kitu kimoja kisichogawanyika, mtu aliyenunua nyumba ya kwanza kati ya 28 angelala vipi usingizi, akijua kwamba mjenzi akifilisika nyumba yake itakuwa haramu?

Miaka michache baadaye simu ikaingia katika historia hii. Katika kesi ya Lever Finance dhidi ya jiji la Westminster, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1970, mradi ulikuwa wa nyumba 14. Msanifu alisogeza nyumba moja karibu zaidi na majirani, kutoka umbali wa futi 40 hadi futi 23, akampigia simu ofisa mipango, naye akamjibu kwamba badiliko hilo si kubwa, halihitaji kibali kipya. Ujenzi ukaendelea, majirani wakalalamika, kamati ya halmashauri ikakataa kuidhinisha. Lord Denning, jaji ambaye hakupenda kumwona mwananchi akiumizwa na maneno ya ofisi, aliamua kwamba halmashauri imefungwa na jibu la ofisa wake. Mtu anaweza kumshangilia Denning, na wengi walimshangilia. Lakini tazama nani hakuwamo kwenye ile simu. Majirani walijua tofauti ya futi 17 walipoona ukuta unapanda. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho wakati ule, lilikuja kuufunga mlango huo mwaka 2002 katika kesi ya Reprotech: mambo ya mipango miji ni ya umma mzima, hayawezi kuamuliwa na mazungumzo ya watu wawili kana kwamba ni mkataba wao binafsi.

Katikati ya hayo, mwaka 1973, Lord Widgery, Jaji Mkuu wa Uingereza, alikuwa ametoa jibu ambalo baadaye lilikuja kushinda. Katika kesi ya Pilkington, mtu alikuwa na kibali cha nyumba moja kwenye sehemu ya ardhi yake, kwa sharti kwamba hiyo ndiyo itakuwa nyumba pekee juu ya ardhi hiyo. Akaijenga. Kisha akaibua kibali kingine cha zamani zaidi, cha nyumba mahali pengine kwenye ardhi ileile, kilichohesabu ardhi iliyobaki kuwa shamba dogo la nyumba hiyo, akaanza kuijenga. Widgery hakuuliza kama kibali cha pili kilikuwa halali; kilikuwa halali. Aliuliza kama kinatekelezeka baada ya yale yaliyokwisha kujengwa. Ardhi iliyohesabiwa kuwa shamba haiwezi wakati huohuo kuwa kiwanja cha nyumba nyingine. Mtu anaweza kukusanya vibali vingi vinavyopingana juu ya ardhi moja, sheria haimkatazi, lakini akishatekeleza kimoja, kile ambacho hakiwezekani tena kimebaki karatasi.

Sasa turudi Balkan Hill, maana kilima kile kilipita katikati ya majibu haya mawili bila kujua. Baada ya 1967 mwenye ardhi alianza kazi, na mapema tu akaomba vibali vingine vilivyobadili mahali pa nyumba hii na ile. Kila kimoja kilikuwa kidogo. Bunge lilipoweka ukomo wa muda kwa vibali mwaka 1968, swali likawa kama kazi ilianza ipasavyo kabla muda haujakwisha. Mamlaka ya mipango ikashika msimamo kwamba kibali kimekufa, na mwaka 1987 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Drake, ikasema la: kazi ilianza kihalali, na mradi unaweza kukamilishwa wakati wowote ujao. Kampuni ya Hillside Parks ikainunua ardhi baada ya hukumu hiyo, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Kwa nchi ambayo kibali cha ujenzi ni dhahabu, hapa palikuwa na kibali cha nyumba mia kadhaa, ndani ya hifadhi ya taifa, kisichozeeka. Lakini mmiliki mpya naye hakujenga mchoro wa 1967. Kuanzia 1996, mamlaka mpya ya hifadhi ilipochukua majukumu ya mipango, vibali vingine vikaendelea kuombwa na kutolewa vya kujenga tofauti na mchoro huo, kipande baada ya kipande. Mei 2017 mamlaka ikaandika barua: yaliyojengwa yameufanya mchoro mkuu usiwezekane, kazi zisimame. Hillside ikaenda mahakamani mwaka 2019 ikashindwa, ikakata rufani mwaka 2020 ikashindwa, ikapanda hadi juu kabisa.

Hoja yake kubwa ilikuwa ileile ya Jaji Winn. Majaji Sales na Leggatt, walioandika hukumu kwa niaba ya wenzao, waliikataa. Kibali cha mradi wa nyumba nyingi, walisema, hakisomwi kama rundo la vibali vidogo vinavyojitegemea isipokuwa kibali chenyewe kimeonyesha hivyo waziwazi. Kama kingesomwa hivyo, mjenzi angeweza kuchukua nyumba zinazolipa na kuacha barabara au bustani iliyozifanya zikubalike. Hapo ndipo msomaji anapoona kwamba 2022 ni mtoto halali wa 1947: umma ulikubali mpangilio, haukukubali orodha. Na ule wasiwasi wa Winn kuhusu mnunuzi wa nyumba ya kwanza? Majaji waliujibu bila kumfuata. Mradi kutokamilika hakufanyi kilichojengwa kwa kufuata kibali kuwa haramu. Wanaoishi kwenye nyumba 41 hawakuambiwa wafunge mizigo. Kilichokufa ni madai ya kuendelea na kilichobaki.

Pingamizi la kwanza linasema huu ni ukali wa kupita kiasi: miradi mikubwa huchukua miaka ishirini, thelathini, na hakuna mchoro unaobaki vilevile muda wote huo. Udongo unakutwa laini, soko linageuka, kanuni za moto zinabadilika. Ni kweli, na kama hukumu ingesema kwamba kusogeza mlango kunaua mji mzima, ingekuwa ya kipuuzi. Haikusema hivyo. Tofauti lazima iwe ya maana kwa kulinganisha na mradi wote, na kipimo hicho kinauachia mradi mkubwa pumzi zaidi kuliko mradi mdogo. Aliyepanga kujenga kwa awamu anaweza kuomba kibali kilichoandikwa kwa awamu zinazojitegemea. Aliyebadili mawazo katikati anaweza kuomba kibali kipya kinachobeba eneo lote pamoja na mabadiliko yake. Njia hizi ni ndefu na zina gharama, lakini urefu wake ndio unaowarudisha majirani mezani.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Hillside haikuvunja sheria kwa siri. Kila nyumba iliyotoka nje ya mchoro ilikuwa na kibali cha mamlaka ya mipango, na baadhi zilikipata kwa mamlaka ileile iliyokuja kusema kibali kikuu hakitekelezeki. Je, si mtego? Kampuni ilijaribu kulijenga hili kwa kudai kwamba mamlaka inadai kibali kimetelekezwa, na sheria ya Uingereza haijui kutelekezwa kwa kibali. Kweli haijui: katika kesi ya Pioneer Aggregates ya mwaka 1984, kuhusu machimbo ya mawe ambayo kazi yake ilisimama kwa miaka mingi, Baraza la Malodi lilisema kibali kilichotolewa kinakaa na ardhi hata mwenyewe akikisahau. Lakini majaji wa 2022 hawakuhitaji nadharia ya kutelekeza. Haikujalisha Hillside ilikusudia nini. Swali lilikuwa la ardhi, si la nia: je, mchoro wa 1967 bado unaweza kusimama juu ya kilima kilivyo leo? Hukumu ya Jaji Drake nayo haikuiokoa kampuni, kwa kuwa ilihusu hali ya 1987, na mengi yaliyoziba njia yalijengwa baada ya hapo. Neno la "wakati wowote ujao" lilimpa mwenye ardhi muda, halikumpa ruhusa ya kujifungia njia mwenyewe.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mambo haya si ya mbali. Amri ya mipango miji na vijiji ya Zanzibar ya mwaka 1955 na sheria ya Tanganyika ya mwaka 1956 zilitoka kwenye ukoo huohuo wa fikra: huendelezi kiwanja bila kibali, na kibali kina masharti. Tanzania Bara iliibadilisha yake kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, Kenya ikapitisha sheria yake ya sasa ya mipango na matumizi ya ardhi mwaka 2019, lakini shina ni lilelile. Hukumu ya London haizifungi mahakama zetu, ingawa mawakili wetu wamezoea kuzitaja hukumu za aina hiyo kwa ajili ya kushawishi. Linalotuhusu zaidi ni jinsi desturi ilivyokua. Tumezoea kudhani ugomvi wa ghorofa zilizozidi unatokana na rushwa au jeuri, na mara nyingi ndivyo ulivyo. Aberdyfi inaonyesha kwamba mradi unaweza kupotea kabisa bila mtu yeyote kuvunja sheria, kwa ofisa mmoja baada ya mwingine kutazama ombi lililo mbele yake peke yake, bila kufungua faili la kwanza. Jukumu la mipango lilihama kutoka ofisi moja hadi nyingine. Kaunti ya Merioneth yenyewe ilifutwa mwaka 1974. Mchoro mkuu ulibaki kwenye kabati, ukiwa bado una nguvu za kisheria, huku kilima kikiendelea kujazwa na kitu kingine.

Linabaki pingamizi ambalo sina jibu kamili nalo. Tangu 1947 mamlaka ya mipango ina uwezo wa kukifuta kibali ambacho haikipendi tena, lakini inapaswa kumlipa mwenyewe fidia. Fidia ya nyumba zaidi ya mia tatu pwani ya Wales isingekuwa ndogo. Kwa kutoa vibali vidogo kwa miaka mingi kisha kuandika barua moja mwaka 2017, mamlaka ilifika mahali palepale bila kulipa senti. Mtetezi wa hukumu anaweza kusema kwamba kila kibali kidogo kiliombwa na mwenye ardhi mwenyewe, kwa faida yake, na hakuna aliyemshika mkono. Hilo ni kweli na kwa mtazamo wangu linatosha kuamua kesi. Halitoshi kuisafisha ofisi. Mamlaka inayotoa ruhusa ya kujenga juu ya sehemu ya mradi inajua, au inapaswa kujua, kwamba mradi wenyewe unakufa, na hakuna kilichoizuia kuandika hivyo kwenye karatasi ya kibali kwa sentensi moja. Bunge lenyewe lilionyesha kwamba hali haikuwa nzuri: Oktoba 2023 lilipitisha, kwa ajili ya Uingereza bila Wales, njia mpya ya kuomba kubadili kibali kilichopo ilimradi matokeo yake yasitofautiane sana na yaliyokubaliwa mwanzo. Njia hiyo ingekuwa na msaada gani kwa kibali cha 1967, ambacho kilikuwa kimeachwa mbali sana na yaliyojengwa? Mdogo sana, hata kama ingefika Wales. Mwenye Balkan Hill akitaka kujenga zaidi inambidi aombe upya, chini ya sera za hifadhi za karne hii na si za 1967, na ndani ya sera hizo hakuna nafasi ya nyumba 401.